Alifungwa Tangu Kuzaliwa

Mimi ni mkunga. Nimefanya kazi hii hapa Dilala, mtaa mmoja wa mji wetu wa migodi, muda wa kutosha kuwazalisha mabinti niliowapokea mimi mwenyewe siku walipozaliwa, na wote niliofanya nao kazi wanajua kwamba kuna neno moja silitaki mbele ya mgonjwa. Muuguzi kijana akimwambia mama wa msichana, "Mama, mutoto alifungwa," namshika kiwiko, namtoa hadi kwenye korido, kisha namrudisha ndani aanze upya. Aseme kuna ngozi inaziba. Aseme mlango haukufunguka. Aseme sehemu fulani haikujengeka mtoto alipokuwa tumboni. Asiseme alifungwa. Vijana wananiita mwalimu wa sarufi, na wapo wanaoniigiza sauti nikiwapa mgongo. Nawasikia, maana masikio yangu bado mazima. Waniige tu. Sarufi hiyo niliisoma kwa mwili wangu, na aliyeumia zaidi kwa kuisoma kwangu hakuwa mimi.

Mwezi uliopita, saa moja asubuhi, mama yangu alinipigia simu kutoka Kapata. Alisema, "Yaya alienda," akakata. Yaya ni dada yake mkubwa, ambaye mimi nilimwita Mama Mukubwa, na wengine wote wakamwita Mama Numbi kwa jina lake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na mtoto wa kuitwa kwa jina lake. Nilivaa kitenge cha msiba, nikapanda taksi-moto, pikipiki ya kukodi. Malori ya madini yalitupita njia nzima, na kijana aliyeniendesha alipiga honi bila sababu kama kawaida yao. Nilitarajia njiani nimkumbuke Mama Mukubwa alivyokuwa siku za karibuni, mzee mwenye miguu iliyovimba na mzaha mkali. Badala yake nikajikuta nina miaka kumi na sita, nimelala chali katika chumba cha pili cha nyumba ile ile ninayoiendea.

Nyumba za kampuni ya migodi pale Kapata zilijengwa kwa mstari, zote sura moja, hata mgeni mwenye haraka angeweza kuketi kwa jirani na kuomba maji kabla hajajua amepotea. Mwaka ule baba alikuwa amehamishiwa Likasi, hivyo nyumba ilikuwa ya wanawake na watoto. Mimi na Mama Mukubwa tulikuwa na chumba kimoja, kitanda kimoja, na msumari mmoja ukutani ambao ulibeba nguo zake zote na sare yangu ya shule. Kuta za ndani hazikufika juu. Aliyelala chumbani alisikia kila neno la sebuleni, na mambo mengi ninayoyajua kuhusu maisha yangu niliyasikia nikitazama bati. Nilisikia habari za kuzaliwa kwangu kupitia juu ya ukuta ule mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, kwa sababu Mama Mukubwa alizisimulia kwa kila mgeni. Uchungu ulimkamata mama kabla ya siku zake, jikoni, sufuria ya bukari, ugali wetu, ikiwa motoni, na hapakuwa na mtu ila dada yake. Mama Mukubwa alinipokea kwa mikono yake, akanifunga kitovu kwa uzi mweusi wa kusukia nywele, akakikata kwa wembe mpya, kisha akarudi kugeuza bukari ili isiungue. Wageni walicheka hapo kwenye bukari. Mimi nilijiona mtu muhimu sana.

Maumivu yalianza tulipokuwa tunajiandaa kwa mitihani ya Krismasi. Yalikuja chini ya kitovu na mgongoni, yakakaa siku nne, yakaondoka. Mwezi uliofuata yakarudi, nayo yakajua siku yake kama mtu anayekuja kupokea mshahara. Wenzangu wote darasani walikuwa tayari wanaona mwezi, wanaombana vitambaa na kunong'ona; mimi nilikuwa nanong'ona nao ili wasijue kwamba sina ninachokijua. Mama alinichemshia mizizi. Nikapona siku ya tano, kama ambavyo ningepona bila mizizi, na mizizi ikapata sifa. Ilipofika Pasaka tumbo langu lilikuwa na donge gumu chini ya kitovu, na sketi ya sare haikufunga tena upande. Mwalimu wa nidhamu, mwanamke mpole tu, aliniita ofisini, akanitazama tumbo badala ya uso, akaniambia nirudi nyumbani hadi nilete karatasi ya hospitali inayosema sina mimba. Nilitembea kutoka shuleni hadi nyumbani nikiwa nimeshika daftari mbele ya tumbo, jambo ambalo liliwahakikishia wote walionitazama.

Jioni ile nilisikia mambo mengi kupitia juu ya ukuta. Jirani yetu Mama Jolie alikuwa amekuja kuazima chumvi, na chumvi ilichukua saa nzima.

"Lisemwalo lipo, Mama Astride," alimwambia mama. "Kama halipo, linakuya. Umuulize tu jina ya kijana, basi."

"Nilimuulizaka. Anakatala."

"Batakubali siku gani, bale? Batoto ya leo!"

Kisha nikasikia sauti ya Mama Mukubwa, aliyekuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni. Hakuinua sauti. "Uyu mutoto hajaona mwezi hata mara moja. Mi njo nafulaka bitambaa ya hii nyumba yote, najua cha kila mutu. Ile mimba ilipitia wapi?"

Mama Jolie akakumbuka chumvi yake. Kesho yake mama alifunga kitenge cha kutokea na kunipeleka hospitali, na hilo nalihesabu kama mema ya mama yangu, maana wengine wangekwenda kwanza kumtafuta kijana. Kabla hatujatoka, Mama Mukubwa alinifuata chumbani akijifanya anatafuta kanga yake. Aliniambia haraka, akitazama msumari, kwamba na yeye hakuwahi kuona mwezi maisha yake yote. Ndiyo maana mume wake alimrudisha nyumbani. Lakini yeye hakuwahi kuumwa na tumbo, na mimi naumwa, kwa hiyo langu huenda ni jambo jingine na dawa yake ipo. "Mi nilikosaka mutu wa kunipeleka," alisema. "We, enda."

Leo ninaweza kueleza ugonjwa wangu nikiwa nafunga kamba za viatu. Wasichana wengine huzaliwa na kijingozi chembamba kilichoziba njia yote ya uke badala ya kuacha tundu. Kila kitu ndani ni kizima. Mwezi unakuja kama kwa wenzake, ila damu haina pa kutokea, inajikusanya mwezi hadi mwezi, inasukuma tumbo, mwishowe inabana hata kibofu cha mkojo. Tiba ni kupasua kijingozi kile. Ni kazi ndogo kuliko kung'oa jino. Daktari aliyenipima alijua yote hayo kwa dakika mbili. Alikuwa kijana kutoka magharibi ya nchi, Kifaransa chake kizuri, Kiswahili chake cha miezi michache, na alitaka kumheshimu mama kwa kusema naye lugha yake. Hapo ndipo ilipoharibika. Alitafuta neno, akafumba mkono mmoja, akaufunika kwa mwingine, akasema:

"Mama, mutoto wako alifungwa."

Mama akauliza swali ambalo mtu yeyote wa kwetu angeuliza. "Docta, nani alimufunga?"

Daktari alifikiri anaulizwa sababu ya ugonjwa. Alitabasamu kwa huruma. "Ile, mama, ni Mungu tu anajua. Alifungwa toka kuzaliwa. Mumulete Alhamisi, tutamufungua."

Angesema imefungika, tungerudi Alhamisi. Nimelifikiria jambo hili katika zamu nyingi za kazi, na sioni kwamba natia chumvi. Kitu kikifungika, kimefungika chenyewe, kama mlango ulioshikwa na mvua. Mtu akifungwa, kuna aliyemfunga. Na kwetu mwanamke aliyefungwa ana maana moja tu: kuna mkono uliofunga fundo mahali fulani, na mwenye mkono huo yuko karibu. Mama alimshukuru daktari, akanishika mkono, na tukapita mbele ya dirisha la kuandikisha wagonjwa wa upasuaji bila kusimama. Jioni tulikula bukari na ndakala, vidagaa vyetu vikavu, na mama hakunitazama. Alikuwa akimtazama kila aliyeketi kwenye mkeka, mmoja mmoja.

Alhamisi ilinikuta katika nyumba ya maombi huko Manika, nyuma ya soko. Palikuwa na wanawake wengine sita pale, waliolala kwenye mikeka wakifunga kula kwa sababu zao mbalimbali, na chumba kilinuka mishumaa na midomo mikavu. Mchungaji, ambaye tulimwita Tata Pasta, hakuwa mtu mkatili. Naandika hivyo kwa sababu watu wananitaka nimfanye mkatili, na ingekuwa rahisi. Aliamini anachokifanya. Kila asubuhi alipiga magoti mbele yangu na kuuliza, "Nani alikufunga?" Siku ya kwanza nilisema sijui. Siku ya pili nilisema sijui. Siku ya tatu nilikuwa na njaa, na donge lilikuwa linapiga kama moyo wa pili, naye akabadilisha swali.

"Docta alisema toka kuzaliwa. Wakati ulizaliwa, nani alikushika wa kwanza?"

"Mama Mukubwa."

"Alikufanya nini?"

"Alinifunga kitovu."

Nilisema ukweli mtupu. Nilisema hata kwa fahari kidogo, kwa vile nilizoea watu kucheka mahali hapo. Mama, aliyekuwa nyuma yangu, alipiga kelele, "Mawee!" na kuanguka chini akishika kichwa. Tata Pasta alimuuliza kama huyo dada ana watoto. Mama akatikisa kichwa. Basi hapakuwa na swali jingine la kuuliza. Mwanamke mwenye tumbo tupu, anayelala kitanda kimoja na msichana, aliyemfunga kwa uzi mweusi siku ya kuzaliwa: kesi ilikuwa imekwisha. Wanawake wa kwenye mikeka walinisogelea wakanipapasa mgongo, na mmoja akasema kikulacho ki nguoni mwako. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile wangu ulivunja nyumba.

Tulirudi Kapata siku hiyo hiyo ili nichukue nguo. Mama Mukubwa alikuwa anapuliza mbabula, jiko letu la makaa, na aliponiona aliinuka haraka akafikiri tumetoka hospitali. Mama alipita bila salamu, akaingia chumbani, akatoa nguo zote za msumarini akaziweka nje kwenye vumbi, pamoja na sufuria moja. Sare yangu ilikuwa katikati yake, ikabidi aichambue. Majirani walikuwa wamesimama kwenye milango yao yenye sura moja. Mama Mukubwa hakumuuliza dada yake kitu. Aliniuliza mimi.

"Ulisema nini, Astride?"

"Nilisema ulinifungaka kitovu."

"Ni kweli," alisema. "Ni mi nilikifunga." Akakunja nguo zake moja moja, bila haraka, akaziweka ndani ya sufuria, akaenda kwa rafiki yake wa kwaya kule Dilala. Hakuna mtu aliyemsindikiza. Nilitaka kumkimbilia na sikukimbia, na hilo silo la mwisho ambalo sikulifanya.

Nilikaa nyumba ya maombi wiki mbili zaidi. Siku ya Jumamosi, ya mwisho, mkojo ulikataa kutoka. Jumapili asubuhi nilikuwa nimelazwa mbele, chini ya mimbari, watu wamejaa hadi nje, wanaimba, na mimi nauma ncha ya kitenge. Wimbo ulianza kuzimika kuanzia mlangoni. Watu walikuwa wanaachia njia. Mama Mukubwa alikuja katikati akiwa amevaa sare yake ya kwaya ya kanisa lingine, nyeupe, imepigwa pasi, na akasimama mbele ya Tata Pasta kama mtu aliyekuja kudai sahani yake.

"Munasema ni mi nilimufunga uyu mutoto," alisema.

"Roho njo alisema," alijibu Tata Pasta.

"Muzuri. Ni mi. Nakubali mbele ya batu yote." Watu walipiga yowe, alingoja limalizike. "Sasa, Tata Pasta, wewe njo ulifundishaka: mwenye kufunga, ni yeye tu anaweza kufungua. Ao hapana?"

Tata Pasta alisema ndivyo. Angesema nini? Alikuwa amelihubiri miaka yote.

"Basi, munipe mutoto."

"Umufungue hapa, tuone."

"Nilimufungia hapa?" Mama Mukubwa alimtazama kama vile anamhurumia. "Fundo iko ku hospitali. Ni kule nitafungulia."

Hapo hapo aliinama akanibeba. Mama alinyanyuka, akaketi tena. Nje palikuwa na baiskeli ya mume wa rafiki yake. Alinikalisha kwenye kiti cha nyuma, akanizungushia kitenge na kukifunga kiunoni mwake ili nisianguke, akaisukuma kwa miguu kutoka Manika hadi hospitali, kwa sababu hakujua kuendesha. Njiani alisema neno moja tu, "Kojoa kama inakuya, usiogope," na haikuja.

Daktari alikuwa yule yule. Aliponiona alisema kitu kwa Kifaransa ambacho hakuna haja ya kukiandika. Waliniwekea mpira wa mkojo kwanza, na nikalia kwa nafuu. Kisha sindano, kisha taa, kisha dakika chache ambazo sikuhisi kitu. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito kama mafuta ya gari, ilijaza beseni na kuanza la pili, na harufu yake ilimfanya muuguzi afungue dirisha. Mama Mukubwa alishika mkono wangu wakati wote na kutazama kila kitu. Yote yalipokwisha tumbo langu lilikuwa tambarare kama la mtoto. Daktari aliuliza kwa nini tulichelewa hivi, alisema Alhamisi, karibu wiki tatu zimepita, kidogo tu figo zingeharibika.

"Docta, ulisema alifungwa," Mama Mukubwa alimwambia. "Kwetu, mutu akifungwa, kuko mwenye alimufunga. Banatafuta. Bakimupata, banasahau mugonjwa."

Daktari aliweka kalamu chini. Alieleza kwamba alitaka tu kusema pameziba, kama chupa.

"Basi sema ngozi inaziba. Ni ngozi tu. Kila mutu iko na ngozi."

Aliandika sentensi hiyo kwenye daftari lake dogo la maneno. Nilimwona. Sijui alikwenda wapi baadaye, lakini natumaini daftari alikwenda nalo. Jioni mama alifika, akasimama mlangoni, akanitazama tumbo, akashukuru Mungu, kisha swali lake la kwanza kwa daktari likawa kama bado mimi ni bikira. Daktari alimwandikia karatasi yenye muhuri. Ilikaa ndani ya Biblia ya mama hadi nilipoolewa, na mume wangu hajawahi kuiuliza hadi leo. Tuna watoto wanne na ameridhika. Karatasi ya shule nayo niliipata. Nilirudi darasani na kufaulu mwaka.

Ungetarajia kwamba hapo ndipo watu walipomrudishia Mama Mukubwa jina lake. Ilikuwa kinyume. Alikuwa amekiri mbele ya kanisa lililojaa, na baada ya kukiri, mtoto amefunguliwa siku hiyo hiyo. Ushahidi gani tena? Kupona kwangu ndiko kulikomhukumu. Jumapili iliyofuata Tata Pasta aliniita mbele nitoe ushuhuda. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimepanga kusema kuhusu ngozi, na beseni, na daktari ambaye hakujua Kiswahili. Nikatazama ule umati, nikamwona mama amekunja mikono kifuani kama anayeomba nisimwaibishe, nikasema, "Nimepona. Mungu asifiwe." Wakapiga makofi. Nikaketi. Nimezalisha wanawake wakiwa katika hatari ya kufa na usiku nikalala, lakini yale maneno matatu bado yananiamsha, na ninayaonea aibu leo kama siku ile.

Niliposomea ukunga nilikwenda kumwona Dilala karibu kila wiki. Hakunitaja kosa langu hata mara moja. Alinipa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, wa baridi na kuniuliza nimejifunza nini kipya cha kutisha. Siku moja, alipokaribia miaka hamsini, nilimpeleka kupimwa kwa mashine ya picha. Alikubali kwa udadisi tu. Daktari wa picha alitafuta mara mbili. Vifuko vya mayai vilikuwepo, ndiyo maana alikuwa mwanamke kamili wa kutazamwa, lakini kizazi hakikuwepo. Hakikuwahi kuwepo. Nilimwomba daktari aniachie mimi nieleze, nikachagua neno langu kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele.

"Mama Mukubwa, ulizaliwaka vile. Kizazi haikujengeka."

"Haikujengeka," alirudia. "Yenyewe."

"Yenyewe."

"Akuna mutu?"

"Akuna mutu."

Alikaa kwenye kitanda cha kupimia, miguu ikining'inia, mafuta ya mashine bado tumboni. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamletea machozi, nami sikujua nicheke naye au nimpe kitambaa. "Mama mukwe yangu alinipaka mafuta ku kichwa siku ya ndoa," alisema. "Nilijua ni yeye njo alinifunga. Nilikatala kuenda ku kilio yake. Nilimuchukia miaka makumi tatu." Akajifuta. "Unaona, Astride? Hata mi nilikuwa na muchawi wangu."

Baba alipofariki, mama alimwomba dada yake arudi Kapata, kwa sababu wazee wawili wanapata usingizi kuliko mmoja. Walirudi kula sahani moja. Mama hakuomba msamaha wala Mama Mukubwa hakuudai, na mimi, nikija na sukari na sabuni, nilijifanya nadhani yamekwisha. Watoto wa mtaa waliendelea kupita upande wa pili wa barabara. Mama Mukubwa aliwapungia mkono kila siku, kwa ukorofi tu.

Asubuhi ile ya mwezi uliopita nilimkuta kitandani, chumba cha pili, chini ya msumari ule ule. Mama alikuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nje, wanawake wa mtaa walikuwa wamekwisha kukusanyika karibu na ua, lakini hakuna aliyeingia. Mama Jolie, sasa bibi wa meno matatu, alinieleza kwa adabu kwamba wanamngoja mchungaji aje aombe kwanza, kabla mtu hajamgusa yule. Sikubishana. Nilifunga mlango, nikachota maji, nikamwosha mwenyewe, kama nilivyooshwa naye. Nilimpaka mafuta miguu. Nilimvalisha sare nyeupe ya kwaya. Mdomo ulikuwa umebaki wazi kidogo, kama aliyekatizwa mzaha, hivyo nikachana kitambaa cheupe, nikakipitisha chini ya kidevu, nikafunga fundo utosini, dogo, nadhifu. Mikono yangu ilijua kufunga. Nikafungua mlango.

Waliingia mmoja mmoja, wakijivutavuta, nyuma ya mchungaji kijana ambaye hakujua lolote. Walipomwona alivyolala walilegea. Alikuwa amependeza, na kifo kilikuwa kimempa uso wa heshima ambao hawakuutarajia. Mama Jolie aliinama karibu, akatazama kidevu, akatazama fundo kwa jicho la mtu ambaye amefunga wengi.

"Nani alimufunga muzuri hivi?" aliuliza.

Chumba kilikuwa kimejaa, na kuta zile hazifiki juu. Nilijua walioko sebuleni na hata nje mlangoni watanisikia.

"Ni mi," nilisema. "Mi njo nilimufunga. Na yeye hakunifungaka hata siku moja. Nilikuwa na ngozi ilinizibaka, docta alipasua, basi. Alikubali mbele yenu ili mumuachilie anipeleke. Yeye alifungaka kitovu tu."

Mchungaji kijana alifungua kitabu chake na kukifunga tena. Kisha mama, ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kuigusa habari hii kwa mdomo wake, alisema kutoka kule sakafuni:

"Na uzi mweusi. Ya kusuka nywele. Kisha akarudia bukari yangu, isiungue."